Mguu wa Tatu wa Mizani

Jumamosi iliyopita tulikusanyika Nyegezi, nyumbani kwa Mzee Magesa, watu kumi na mmoja ambao kwa nyakati mbalimbali tulishika bisibisi chini ya jicho lake. Mzee anafunga karakana yake ya mizani. "Macho yamechoka," alituandikia kwenye simu, "njooni mle sato kabla sijaanza kuyasahau majina yenu." Tukaja. Tulikaa barazani na sahani mapajani, sato wa kuchoma bado anachuruzika mafuta, ndimu zikitembea kutoka mkono hadi mkono, na kila mmoja akapewa nafasi ya kusema anachokumbuka. Jamaa mmoja, aliyejiunga na karakana miaka mingi baada ya mimi kuondoka, akasimama na kueleza kwa mikono miwili jinsi "Dada Vero alivyowapandisha wakulima mia mbili juu ya mizani ya magari, mizani ikapiga kelele, meneja akazimia." Watu wakashika mbavu. Nami nilicheka, maana alisimulia vizuri, ila hapakuwa na kitu hata kimoja alichopatia. Wakulima walikuwa thelathini. Mizani ya magari haipigi kelele. Meneja hakuzimia. Mzee Magesa, aliyekuwa ameketi karibu nami akichambua miba kwa utulivu ule ule aliochambulia nyaya, akaniinamia sikioni: "Andika wewe, Vero. Hawa mwakani watakuwa wamefika elfu."

Basi naandika. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha ufundi umeme ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia, na barua ya Mzee Magesa ya mwaka mmoja wa majaribio. Barua ilikuwa na mistari mitatu tu. Mstari wa mwisho ulisema mwaka ukiisha, ama nitabaki ama tutaagana kwa amani. Neno hilo "amani" lilinitia hofu kuliko kama angeandika kwamba nitafukuzwa. Mtu akikufukuza unaweza kumkasirikia, ukabeba hasira yako ikakutunza njiani. Akikuaga kwa amani, unaondoka mikono mitupu. Niliisoma barua ile mara nyingi katika chumba changu cha Igogo, chumba kilichojengwa kikiegemea jiwe kubwa kiasi kwamba ukuta mmoja ulikuwa ni jiwe lenyewe, baridi asubuhi, vuguvugu jioni, na mimi niliningʼiniza nguo zangu kwenye misumari ya kuta tatu zilizobaki. Nilikipenda. Hata leo nikilala hotelini, mahali penye kuta nne laini, huhisi kuna kitu hakipo.

Karakana ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka hapo, kati ya duka la nyavu na mashine ya kusaga. Chumba kimoja kirefu, paa la bati, meza ndefu katikati, na mizani kila mahali: za bucha, za zahanati zenye beseni la kupimia watoto, za kuningʼinia za wauza samaki, za duka zenye sahani zilizobonyea kwa miaka ya sukari na maharage. Ziwa hatukuliona, lakini lilikuwepo, likiingia kwa harufu ya dagaa wanaoanikwa na kwa upepo wa saa nne uliopeperusha karatasi zote ambazo hazikuwekewa jiwe. Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzipitia mizani zote na kuhakikisha zinasoma sifuri. Mzee alisema mizani isiyojua sifuri yake haiwezi kujua kitu kingine. Kisha mlango ulifunguliwa, na mazungumzo yakaanza. "Fundi, hii mizani yako imenichukia. Samaki wangu si wadogo hivi." "Mama, mizani haina ugomvi na samaki." "Basi ina ugomvi na mimi." "Na wewe una ugomvi na nani?" "Na mume wangu, lakini yeye simpimi!" Mzee hakucheka kamwe mbele ya mteja. Alisubiri mama yule afike kwenye duka la nyavu, ndipo akaweka bisibisi chini na kuanza kutikisika mabega.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeanza, alikuja Meneja Ngassa, mwanamume mrefu aliyependa suruali nyeupe katika nchi ya udongo mweusi. Alikuwa akisimamia jineri, ndivyo tunavyokiita kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya Kisesa. Jineri ilikuwa na mizani ya magari, na mizani ilikuwa inaumwa. Asiyewahi kuiona mizani ya namna hiyo afikirie jukwaa refu la chuma na zege, lililoinuliwa kimo cha goti kutoka ardhini, ambalo lori zima hupanda na kusimama. Jukwaa lile lina miguu sita, na ndani ya kila mguu mna kipande cha chuma kiitwacho lodi seli. Lori likisimama, chuma kile hubonyea kidogo sana, chini ya unene wa unywele, na kubonyea huko hugeuzwa umeme, umeme ukapita kwenye waya hadi kibandani, ukawa namba. Kazi yote ya mizani imo ndani ya kubonyea kule. Mizani ya Meneja Ngassa ilitoa namba moja lori likisimama mbele, namba nyingine likirudi nyuma hatua tatu. Lodi seli ya mguu wa tatu ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili. "Wakulima wanasema mizani inakula kilo zao," alisema meneja. "Mwenyekiti wao, Mabula, ameniambia usoni. Msimu ukifunguliwa na mizani hii bado inakula, chama chao chote kinapeleka pamba kiwanda kingine. Nikikosa pamba yao, Mzee Magesa, nafunga geti." Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanielekezea kidevu. "Vero atachagua lodi seli mpya. Zote sita."

Nilichukua daftari, nikapiga hesabu siku hiyo hiyo, nikajiona bingwa. Jukwaa lenyewe lina tani ishirini. Lori kubwa kabisa likiwa na mzigo, tani hamsini. Jumla sabini. Gawa kwa miguu sita, unapata kama kumi na mbili hivi. Nikaongeza kidogo kwa usalama na kuandika kwa wino: lodi seli sita, za tani kumi na tano. Nilimpelekea Mzee daftari akiwa anakula michembe iliyochemshwa na karanga, vile viazi vitamu vikavu ambavyo Wasukuma huvitia karanga hadi viwe kama uji mzito. Akatazama hesabu, akatafuna, akatazama tena. "Hesabu ni nzuri. Hujasahau uzito wa jukwaa, wengi husahau. Sasa niambie, lori huwa linaingiaje?" Nikasema linaingia kwa magurudumu. "Yote kwa mara moja?" Akaelekeza kidole mlangoni. "Kuna kigoda pale nyuma ya mlango. Nenda nacho Kisesa ukakae karibu na mizani ile mpaka uchoke. Ukishachoka, kaa tena."

Nilikaa siku nne. Leo kuna watu hunilipa nauli ya ndege ili nikafanye jambo lile lile, nami hufika na kiti cha kukunja cha turubai, lakini sijawahi kufundishwa mahali popote kama pale juu ya kigoda. Nilipanga kwa Mama Shija, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, ambaye banda lake la chai lilikuwa limekaa pua kwa pua na mizani. Chumba alichonipa kilikuwa nyuma ya jiko, kikinukia maandazi na moshi wa kuni, na kupitia ukuta wa mbao nilisikia kila kitu madereva walichosema kabla hata sijaamka. Walizungumzia matairi, wakwe, na mashudu ya pamba wanayopeleka kwa wafugaji. Walinizungumzia na mimi. "Yule binti mwenye kigoda ni nani?" "Trafiki aliyevaa kiraia." "Trafiki gani anakula viazi vingi vile?" "Muacheni mgeni wangu," Mama Shija alikemea, "ametumwa kuitazama mizani." "Kuitazama? Itakimbia?"

Nilichoona ni hiki. Mbele ya mizani lilikuwepo jiwe, moja ya yale mawe yetu ya Mwanza yanayosimama popote yalipopenda, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili. Hakuna aliyethubutu kulipiga baruti kwa kuwa ghala la pamba lilikuwa karibu mno. Kwa hiyo njia ilizunguka jiwe, na kila lori lilipanda mizani likiwa bado limekata kona, upande wa kushoto ukitangulia. Pembe hiyo ya kushoto ndiyo iliyokuwa mguu wa tatu. Na kwa nini lilikuwa likifunga breki palepale? Kwa sababu mita mbili kutoka hapo ndipo lilipokuwa banda la Mama Shija. Utingo alishachomoza kiwiliwili kizima dirishani akipaza sauti, "Mama Shija! Mbili za maziwa na chapati nne!" na dereva, ili chapati zisichukuliwe na lori la mbele, alikanyaga breki. Magurudumu ya nyuma, yenye zaidi ya nusu ya mzigo wote, yalijibana juu ya pembe ile moja, na jukwaa zima likasukumwa mbele kwa kishindo nilichokisikia hadi kwenye meno. Nilichora mstari wa chaki kwenye jiwe kwa kila lori lililofanya hivyo. Siku ya nne nikaacha kuchora, chaki iliisha. Mguu wa tatu haukuwa na bahati mbaya. Ulikuwa unabeba chai ya watu wote.

Mvua nayo ilisema lake. Maji yalituama chini ya jukwaa, meusi, mazito, udongo wa mbuga ukinata kama ugali wa muhogo. Siku ya nne jioni, mimi na kibarua wa jineri tulipofungua mguu wa tatu na kuitoa lodi seli iliyokufa, niliitikisa karibu na sikio, ikalia chwa, chwa, kama kibuyu. Maji yalikuwa yamepenya kwenye kifuniko chake cha mpira na kukaa humo kama mpangaji. Niliirudisha Igogo ndani ya mfuko wa plastiki, nikaiweka mezani mbele ya Mzee Magesa. Nikafungua daftari nikakata ile kumi na tano kwa mistari miwili. Aliitikisa na yeye. Mabega yake yakaanza kutikisika.

Kuchagua lodi seli, nilijifunza mwaka ule, hakuna tofauti na kumchagulia rafiki nyumba. Huulizi tu kama ni kubwa. Unauliza mvua hutokea upande gani, jirani ni nani, nani hupita usiku akiwa amelewa. Niliandika upya: sita, za tani thelathini kila moja, ili mguu mmoja uweze kuubeba ule msongamano wa magurudumu ya nyuma peke yake bila kuumia. Mwili wa chuma kisichoshika kutu, na kifuniko kilichochomelewa kabisa, si cha mpira. Na isiwe ya aina ile ya zamani, iliyolala kama boriti na kufungwa kwa bolti pande zote mbili, ambayo ukiisukuma kwa breki haina pa kukwepea. Nilitaka ile inayosimama wima kama kinguzo kifupi chenye ncha za mviringo juu na chini. Hiyo breki ikiisukuma, inayumba, kisha uzito wa jukwaa wenyewe unairudisha ikasimama wima tena. Mzee aliiita mlevi mwenye adabu.

Meneja Ngassa hakuzitaka. Tulikutana ofisini kwake, chumba chenye feni moja na marobota mawili ya pamba yaliyogeuzwa viti vya wageni, nami niliketi juu ya robota nikiwa na daftari mapajani. Mwenyekiti Mabula alikuwepo, mzee mfupi mwenye kofia ya kijani asiyoivua. "Binti," meneja alisema, "nimeshaunguzwa mara mbili. Tuweke za tani hamsini tumalize. Kitu kikubwa hakivunjiki." Nikamjibu kwamba ni kweli, haitavunjika. "Lakini haitaona, bwana meneja. Chuma kinene hakibonyei. Ukipima chumvi ya mboga kwa mizani ya pamba, utatia chumvi mpaka usiweze kula, na mizani bado inakwambia ongeza. Wewe unataka mizani isiyovunjika. Wakulima wanataka inayoona." Mwenyekiti Mabula akapiga goti lake kofi. "Huyu amelelewa na mtu anayepika!" Meneja akamtazama Mzee Magesa amwokoe. Mzee alikuwa anasoma kalenda ukutani. Basi meneja akatia saini, akisema maneno niliyoyakariri bila kupenda: "Ziagizwe. Lakini mizani ikikataa siku ya kufungua msimu, Mzee Magesa, sitaki kumwona tena huyu binti wala karakana yako." Njiani kurudi Mzee aliniambia, bila kunitazama, "Ungeweza kuchukua za hamsini. Zingekosea, lawama ingekuwa yake. Sasa ni yako, Vero." Barua yangu ilikuwa inaisha mwezi wa sita. Msimu ulikuwa unafunguliwa mwezi huo huo.

Lodi seli zilifika zikiwa zimechelewa, ndani ya masanduku yenye maandishi ya nchi za mbali, zikingʼaa kama vikombe vya kanisani. Tulizifunga siku tano mfululizo, Mzee, mimi na vibarua watatu, tukiinua jukwaa kwa jeki pembe moja baada ya nyingine, tukikomba udongo mkavu uliokuwa umegeuka tofali. Chakula tulikula palepale tukiwa tumechuchumaa, ugali wa muhogo na dagaa wa kukaanga wenye pilipili, mikono ikinukia grisi hata baada ya kunawa. Jambo lililobaki lilikuwa kumhamisha Mama Shija. Meneja alitaka kumwandikia barua. Nikamwomba aniachie, nikaenda kumsaidia kusukuma chapati. "Mama, dereva anayekunywa chai kabla ya kupima ana haraka. Ukihamia upande wa kutokea, atakuwa ameshamaliza kazi, atakunywa na kuongeza." Alinitazama, unga ukiwa hadi kwenye nyusi. "Umekula kwangu siku zote hizi kumbe ulikuwa unanipigia hesabu na mimi." Kesho yake banda lilikuwa limehama, likiwa na benchi jipya. Jiwe lilibaki pale pale. Malori yangeendelea kuingia kwa kona, lakini bila kiu.

Watu wa vipimo wa serikali walikuja na lori lao la mawe ya chuma ya kujaribia mizani, wakapima kutwa nzima, wakaridhika, wakafunga muhuri. Nilidhani nimepona. Asubuhi ya kufungua msimu, malori saba ya pamba yalikuwa yamepanga foleni nje ya geti, meupe kama mawingu yaliyofungwa kamba, na hakuna hata moja lililosogea. Mwenyekiti Mabula alisimama mbele yao. "Muhuri tumeuona," alisema. "Mwaka jana pia ulikuwepo. Leo tutajipima wenyewe." Alikuwa amekuja na wakulima thelathini, wanaume kwa wanawake, wamevaa nguo za Jumapili. Walikuwa wameshapimwa mmoja mmoja kule kwenye chama chao, juu ya mizani ndogo ya magunia ambayo waliijua kama wanavyoijua mifugo yao, na katibu alikuwa ameandika nyuma ya kalenda. Nilisikia baadaye kwamba akina mama walikuwa wamemtisha: "Andika, lakini ukisoma kwa sauti utatutambua!" Jumla yao ilikuwa kilo elfu moja mia nane hamsini na mbili. Sharti la Mabula lilikuwa jepesi. Wote thelathini wajibane juu ya kila mguu wa mizani kwa zamu. Namba ikiwa ile ile kwenye miguu yote sita, malori yanaingia. Ikibadilika hata kwenye mguu mmoja, malori yanageuza.

Sasa hivi nikiwa na umri wa kuweza kuwaza bila kutetemeka, naona kwamba hakuna mhandisi ambaye angepanga jaribio zuri kuliko lile. Wakati ule niliona mwisho wa dunia. Niliingia kibandani, mbele ya kioo cha kusomea namba, meneja nyuma yangu, Mzee Magesa kwenye kigoda akimenya karanga. Mizani ile ilihesabu kwa hatua za kilo ishirini ishirini, kwa hiyo nilitarajia elfu moja mia nane sitini. Nje nilisikia miguu sitini ikipanda, vicheko, mtu akilalamika amekanyagwa. Mguu wa kwanza: 1,860. Nikaisoma kwa sauti dirishani. Wa pili: 1,860. Mabula akaamuru waruke wa tatu, wamalize mingine kwanza. Alikuwa anaijua mizani ile vizuri mno. Wa nne, wa tano, wa sita, namba haikupepesa. "Haya," alisema Mabula. "Twendeni sasa kwa mgonjwa."

Wakajibana kwenye pembe ya kushoto, ambayo kutoka kibandani ilifichwa na mlango. Kioo kikasoma 1,860. Nilivuta pumzi ili nitamke, na namba ikaanguka. 1,800. Nikafumba macho nikafumbua. 1,740. Kisha 1,680. Kisha 1,620, na ikatulia hapo, imara, bila aibu. Meneja Ngassa akaketi sakafuni na suruali yake nyeupe. "Nilisema hamsini," alinongʼona. "Nilisema." Mimi nilikuwa nimeshaona kila kitu: maji yamepenya, waya umekatwa na panya, hesabu yangu ilikuwa mbovu tangu mwanzo, na Mzee Magesa ananiaga kwa amani. Nikanyoosha mkono nizime na kuwasha upya. Mzee akanishika kiwiko kwa vidole vyenye maganda ya karanga. "Usibishane nayo. Imekuambia kitu. Nenda ukatazame ni kitu gani."

Nikatoka mbio. Juu ya pembe ya mizani walisimama watu ishirini na sita wamebanana, na chini, kwenye vumbi, walikuwepo wanne wamekunja magoti mbele ya kikongwe mwenye fimbo na kanga mbili. Alikuwa Bibi Kabula, aliyekuwa akilima pamba toka enzi za mama zao, na alikuwa ametembea tangu alfajiri ili aone msimu unavyofunguliwa. "Shikamoo, mayu," walikuwa wanasema, mmoja baada ya mwingine, kwa kumwita mama kwa Kisukuma. "Marahaba, wanangu. Hamjambo?" "Hatujambo, mayu." Na wa tano alikuwa tayari ameshusha mguu mmoja. Mwenyekiti Mabula akaja akifoka, "Nani amewaruhusu kushuka? Tunapima!" Mwanamume mmoja kati ya wale wanne akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mwenyekiti, tumsalimie mayu huku tumemsimamia kichwani?" Mabula akavua ile kofia ya kijani, ambayo sijapata kuiona imevuliwa kabla wala baadaye. "Shikamoo, mayu," alisema.

Kumbe nilikuwa nimeanza kucheka peke yangu, machozi yakinitoka. "Wameshuka wanne!" nilimwambia Mabula. "Namba ilishuka mara nne, mmoja mmoja! Mizani iliwaona!" Hakunielewa mara moja. Kisha macho yake yakawa madogo. Akaniambia nirudi kibandani na nisichungulie. Nikarudi, nikampita meneja pale sakafuni. Namba ikapanda, 1,680, 1,740, hadi 1,860. Ikakaa. Ikashuka hatua, ikashuka nyingine. "Wangapi hawapo?" sauti ya Mabula iliuliza. "Wawili!" Kelele za furaha. "Na sasa?" "Wamerudi wote!" "Na sasa?" "Ameshuka mmoja, tena mzito!" Hapo vicheko vilipasuka, na sauti ya mwanamke ikasema, "Nilijua tu katibu atasoma!" Walicheza mchezo ule hadi jasho likawatoka, watu wazima wenye wajukuu, wakipanda na kushuka juu ya tani ishirini za zege kama watoto kwenye jabali. Meneja alisimama, akajipangusa vumbi, akaja dirishani na kuanza kukisia pamoja nami, na mara mbili alikosea.

Mwisho nilisikia fimbo ikigonga chuma. Walikuwa wanampandisha Bibi Kabula. Kioo kikasoma 1,900. "Na mimi nimo?" aliuliza kwa sauti nyembamba iliyofika hadi kibandani. "Umo, bibi!" nilijibu. "Kilo zako zote zimo!" Akagonga fimbo tena. "Haya," alisema. "Basi leteni pamba." Injini ya lori la kwanza ikawaka.

Tulirudi Igogo tukiwa wachovu na wenye furaha, na Mzee Magesa hakusema lolote kuhusu barua. Siku zikapita. Ilipofika siku ya mwisho ya barua nilikuja mapema, nikahakikisha mizani zote zinasoma sifuri, nikafagia, nikazifunga bisibisi zangu mbili ndani ya kitambaa na kuziweka juu ya meza mahali ambapo asingekosa kuziona. Alizisogeza kando ili aweke chai yake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya shukrani, maneno ya mtu anayeagwa kwa amani, na nilikuwa nimefika kwenye "Mzee, napenda kusema" simu yake ilipoita. Alisikiliza, akikoroga sukari. "Mizani ya magari? Ya kiwanda cha mpunga, ndiyo. Lodi seli za namna gani, hilo siwezi kukujibu mimi, ndugu yangu. Subiri, nakupa fundi." Akanyoosha mkono wenye simu kuelekea kwangu, nami nikageuka nyuma kuona ni fundi gani aliyeingia. Nyuma yangu palikuwa na ukuta tu.